Vidole Viwili kwenye Klachi

Mikumi, 6 Oktoba 2024

Baba Beda,

Shikamoo. Habari za Magomeni, na za masikio? Nimempigia Teresia wa dukani mara mbili nikiomba niongee nawe. Anasema akikuwekea simu sikioni unauliza "nini? nini?" mpaka salio linakata, kisha unamrudishia simu yake na kumshukuru sana. Basi nimeona niandike. Yared ameahidi kwamba barua zetu zitakaa mbele kwenye Coaster yake, si kule nyuma na kuku.

Nina habari. Pikipiki ya baba imewaka.

Ndiyo, ile nyekundu ya mwaka sabini na nane. Mwezi wa saba nilipopanda mlimani Vidunda kumtazama mama niliikuta ghalani kwa baba mkubwa Elia, chini ya magunia ya mahindi, kuku ametagia kwenye kiti. Tangu baba aanguke nayo na kufa, miaka ishirini na moja, hakuna aliyeigusa. Nikaipakia kwenye fuso la ndizi nikaileta karakana kwangu. Injini ilikuwa imeshika kama imechomelewa. Niliilowesha kwa oili wiki nzima, nikaitoa pistoni, nikaweka mpya, na jana kwa teke la kumi na nne ikawaka. Nililia, usinicheke. Mama ntilie wa jirani aliuona moshi akaja mbio na ndoo ya maji.

Sasa nina maswali mawili. Wewe ulinifundisha hizi pikipiki za leo, zenye oili yake humo humo ndani ya injini. Hii haina, oili yake inachanganywa na petroli kwenye tangi. Hapa mjini kila mtu ana lake. Mmoja ananiambia niweke oili ya boti, mwingine ya msumeno wa mbao, wa tatu anasema oili ni oili. Niweke ipi, na kiasi gani?

La pili. Ubavuni mwa injini kuna kitu kiliondolewa. Tundu limezibwa kwa kibati na bolti mbili, kazi safi kabisa. Pale palikuwa na nini?

Binti yako wa ubatizo,
Domina Stefano

*

Magomeni, Kilosa, 9 Oktoba 2024

Mwanangu Domina,

Marahaba. Masikio ni yale yale, injini zimeyala. Macho bado ninayo, kwa hiyo andika tu, ila andika herufi kubwa, mimi si karani.

Huyo aliyekwambia oili ni oili usimpe hata spana ya kushika. Sikiliza. Oili ya gari haiungui vizuri. Itakuachia masizi kwenye ekzosi mpaka pikipiki ikohoe kama mzee wa kifua. Ya boti ni nzuri, lakini kwa boti, maana injini yake inapozwa na maji. Yako inapozwa na upepo, joto lake ni kali zaidi, oili ya boti italegea. Ya msumeno ukikosa kabisa itakufikisha nyumbani, usiizoee. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya pikipiki za kuchanganya. Iinue juani uitazame kabla hujaitoa dukani. Ikiwa na ukungu, rudisha.

Kiasi ni moja kwa ishirini na tano. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita ishirini, jipya. Mabomba kumi kwa dumu la lita tano. Usipime kwa kifuniko cha chupa, na usipime kwa chupa wanazouzia petroli barabarani. Wanaiita lita, kumbe ni lita na nusu, na injini haijui maneno ya mtaani. Tia petroli nusu, tia oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Ikilala usiku kucha, asubuhi itikise upya.

Hilo tundu ni mambo ya zamani. Liache.

Nami nakushauri, pikipiki hiyo iwekee kibao, isimame mlangoni watu waione. Imeshafanya kazi yake. Ukiiendesha, iendeshe hapo hapo tambarare, na vidole viwili kwenye klachi.

Mimi,
Beda

*

Mikumi, 14 Oktoba 2024

Baba Beda,

Shikamoo. Oili nimepata Morogoro, safi kama asali mbichi. Nimepima kwa bomba, kumi kwa tano. Moshi umekuwa mwembamba wa bluu, na vijana wa bodaboda ambao wiki iliyopita walikuwa wakiniuliza kama nachoma mkaa, sasa wanaomba wapande. Nimekufungia plagi kwenye kitambaa chekundu. Soma rangi yake.

Vidole viwili kwenye klachi! Nilijua utaandika. Tangu nikiwa na miaka kumi na tano unanipiga kwenye kifundo cha mkono nikivisahau. Mafundi wenzangu wananicheka, wanasema naendesha kama mtu anayeogopa pikipiki yake mwenyewe.

Haitasimama mlangoni, Baba. Jumamosi ya tarehe tisa Novemba ni misa ya kumbukumbu ya baba kule Vidunda. Nitapanda nayo. Na Jumapili nitashuka nayo na mama nyuma, maana Jumatatu ana miadi ya macho. Nilimwambia nitaleta gari. Amekataa. Anasema alipanda Vidunda akiwa bibi harusi kwenye pikipiki ile, na atashuka kwa pikipiki ile, ili watu waone. Unajua ni watu gani. Wale waliosema kwamba siku aliyokufa baba alitoka harusi ya watu amelewa. Hata katekista alisema, kaburini, mbele ya mama. Mama hajawahi kuacha kujibu kwamba mume wake hakunywa siku ile, na hakuna aliyewahi kumsikiliza.

Kwenye kitambaa cheupe nimeweka pistoni ya zamani, niliyoitoa. Nayo isome. Mimi nimeona kitu lakini nataka jicho lako kwanza.

Domina

*

Magomeni, 18 Oktoba 2024

Domina,

Marahaba. Plagi ni nzuri. Rangi ya kahawia, kavu. Umechanganya vizuri.

Pistoni nakurudishia, ni kutu. Itupe.

Usimpakie mama yako. Mwanamke wa umri wake na macho yale, kwenye mteremko ule, ni ujinga. Mwambie nimesema mimi. Kama ni lazima uende nayo, ongeza oili. Weka mabomba kumi na tano badala ya kumi.

Beda

*

Mikumi, 24 Oktoba 2024

Baba Beda,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyo ndefu. Juma moja kabla uliniambia kumi, tena ukaniambia nipime kwa bomba la hospitali. Sasa kumi na tano. Ni wewe uliyenifundisha kwamba dawa ikizidi ni sumu. Oili ikizidi plagi inaloa, na petroli inayobaki ni kidogo, injini inachemka. Fundi wa miaka arobaini hawezi kusahau hilo. Kwa hiyo kuna kitu unakiogopa, na unanirushia oili ili usinirushie maneno.

Pistoni si kutu. Kutu hula pande zote. Hii ina mikwaruzo upande mmoja tu, ule unaoelekea ekzosi, mirefu, ya juu kwenda chini, na ringi zimegandamana na chuma. Baba hakulewa. Injini ilikosa oili, ikashika, tairi la nyuma likagoma, akaanguka. Nimelijua hilo nikiwa nimeishika mkononi, na wewe ukalijua pale pale ulipofungua kitambaa. Halafu ukaniandikia niitupe.

Nimekaa nikawaza. Oili yote ya baba ilitoka kwako. Aliyeigusa pikipiki ile ni wewe peke yako. Nauliza kama mtoto wako, na nauliza mara moja tu: ulimpa oili gani?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nisikumbushwe mithali hii nikiwa juu ya mlima.

Domina

*

Magomeni, 30 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba.

Umeuliza, nami nakujibu. Mwaka ule oili ya kuchanganya ilikosekana Kilosa nzima. Nilimpa ya trekta. Nilimwambia itamfikisha. Haikumfikisha. Nimekaa na jambo hilo miaka yote, na ulipokuja kuomba kazi karakana, msichana mwenye sare ya shule na mkono wa baba yake, sikuweza kukuambia. Kila nilichokufundisha nilikuwa nakulipa.

Kwenye hilo tundu palikuwa na kishikizo cha kebo tu, usilihangaikie.

Nisamehe ukiweza. Oili yako ni nzuri, umeona mwenyewe. Mwambie mama yako Regina kwamba alikuwa anasema kweli.

Beda

*

Mikumi, 5 Novemba 2024

Baba Beda,

Shikamoo, tena shikamoo ya moyo.

Nilikasirika siku mbili. Nilitupa spana ikavunja kioo cha mtu. Kisha nikafikiri: mwaka wa shida, rafiki anamsaidia rafiki kwa alichonacho. Ni nani hajawahi kufanya hivyo? Nimemsomea mama kwenye simu. Akasema, "Basi alikuwa Beda." Akalia kidogo. Kisha akaniuliza kama umekonda. Nadhani amekusamehe, na mimi nimekusamehe. Misa ya mwaka huu itakuwa ya kwanza tutakayokaa bila kuinamisha vichwa.

Sasa sina hofu tena. Kilichomuua baba ni oili mbaya, na yangu ni nzuri, nimeipima kwa bomba. Nitapanda Alhamisi kabla jua halijawa kali.

Mama anafurahi kama msichana. Ananieleza jinsi baba alivyokuwa akishuka. Anasema pale juu kwenye jiwe jeupe alikuwa anafunga koki ya mafuta na kuachia mkono wa gesi, pikipiki inashuka yenyewe kwa gia ya pili, hadi daraja la chini, bila kula hata kijiko cha petroli. Anasema alijivunia sana ujanja huo. Anataka nishuke vile vile, asikie ule ukimya. Nitamfanyia. Nimeshajaribu kwenye kilima kifupi cha huku, inashuka vizuri.

Jumatatu nikitoka hospitali ya macho nitakuandikia yote.

Mwanao,
Domina

*

Magomeni, Ijumaa, 8 Novemba 2024

DOMINA USIFUNGE KOKI

Barua yako nimeipata sasa hivi, saa kumi jioni. Gari la Yared liliharibika siku mbili njiani. Teresia amekupigia mara tisa, hupatikani, na simu ya mama yako imezimwa. Yared ataondoka na barua hii alfajiri, amenipa mkono kwamba atampa bodaboda wa Kidodi, pale chini ya mlima, aipandishe.

Usifunge koki. Usiachie gesi mteremko mzima. Oili yako inakuja ndani ya petroli. Ukifunga petroli umefunga na oili, na injini bado inazungushwa na tairi, inazunguka kavu. Hizi za siku hizi zina oili yao, zinashuka mlima bila neno. Hiyo haina. Vuta klachi, ipe gesi kidogo, achia. Vuta, ipe gesi, achia. Kila kona. Mwambie mama yako hakuna ukimya.

Oili ya trekta ni uongo. Sikuwahi kumpa. Oili ya Stefano ilikuwa nzuri kama yako.

Pale kwenye tundu palikuwa na pampu. Pikipiki ile ilitoka kiwandani na pampu ya kuirushia injini oili, hata ukiachia gesi bado inapata kidogo kidogo. Ilikuwa inavuja. Sikuweza kuitengeneza na sikutaka Stefano ajue kwamba nimeshindwa. Niliing'oa, nikaziba, nikamwambia kuchanganya kwenye tangi ni bora zaidi. Na petroli ilipokuwa ngumu kupatikana, ni mimi niliyemwonyesha kufunga koki pale kwenye jiwe jeupe. Ule ujanja anaojivunia mama yako ni wangu. Nilimwonyesha nikiwa nimekaa nyuma yake, nikacheka.

Nilikuja msibani. Watu walipokuwa wanakula nilikwenda ghalani nikapiga kiki. Haikuzunguka. Nikajua. Nikarudi kukaa na wanaume, nikawasikia wakisema alikuwa amelewa, nikaangalia sahani yangu.

Umeniuliza mara moja nikakujibu uongo kwa sababu ulinipa kosa dogo kuliko langu, nikalikimbilia. Nilidhani oili ikiwa nzuri utakuwa salama. Sikufikiri kwamba Regina anakumbuka jiwe.

Barua hii ifike. Mungu wangu, ifike.

Beda

*

Mikumi, 16 Novemba 2024

Mzee Beda,

Sijakuamkia, na hujasoma vibaya.

Barua yako nilipewa Jumapili saa saba mchana, kwenye benchi la zahanati. Sisi tulikuwa tumeanguka saa nne.

Misa ya kwanza ilipokwisha tuliondoka. Mama alijifunga kanga mbili kiunoni, akanishika tumboni, akawa anawapungia watu waliokuwa wanateremka kwa miguu kutoka kanisani. Kwenye jiwe jeupe akanigonga bega. Nikafunga koki. Nikaachia gesi. Ukimya ukaja kama alivyosema, sauti ya matairi kwenye vumbi tu, na mama akacheka nyuma yangu. Sikuwahi kumsikia akicheka vile.

Kona ya tatu injini ilipiga kelele moja ya chuma kikilia. Tairi la nyuma likafungwa. Pikipiki ikaanza kwenda ubavu kuelekea bondeni, na mimi sikufikiri kitu chochote, Mzee Beda, muda wa kufikiri haukuwepo. Vidole vyangu viwili vilikuwa kwenye klachi. Vilivuta vyenyewe. Tairi likaachia, likazunguka, nikaipeleka kwenye ukingo wa udongo na tukaanguka upande wa mlima. Hatua nne kabla ya korongo. Nimezipima.

Mama amevunjika mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Amefungwa plasta. Mimi nimechubuka goti na uso. Miadi ya macho imepita.

Watu walitufikia wakikimbia. Baba mkubwa Elia ndiye aliyesema kwa sauti, mbele ya wote: "Na huyu naye amelewa? Ametoka kupokea komunyo sasa hivi." Katekista alikuwepo. Alivua kofia, akakaa chini pale pale barabarani. Mama, mkono wake unaning'inia, akamwambia, "Tazama tairi." Wakajaribu kulisukuma, gia ikiwa imeingia. Halikwenda.

Halafu nikakaa kwenye benchi nikasoma barua yako.

Unajua kilichoniuma? Si pampu. Fundi kushindwa na pampu si dhambi. Wala si koki, ulipomwonyesha baba hukujua. Kilichoniuma ni vidole viwili. Miaka kumi na tisa unanipiga kifundo cha mkono, unaniandikia kwenye kila barua, na nilipokuuliza kwa nini, ulisema ni adabu ya kazi. Ulijua ni kitu gani kinakuja. Ulinipa dawa ukaninyima jina la ugonjwa. Nimeokoka kwa mkono wako, na nusura nife kwa mdomo wako, na sijui nikuweke wapi. Naamka nikiwa na hasira, na nikishika klachi nakushukuru, halafu nakasirika upya.

Barua yako nilimsomea mama yote. Alisema, "Ushahidi wa karatasi ni wa karatasi. Aje."

Kwa hiyo utakuja. Nakutumia pistoni mbili kwenye kitambaa kimoja, ya baba na ya kwangu. Ziweke sambamba uzitazame. Mikwaruzo ni ile ile, upande ule ule. Utazibeba. Jumamosi ijayo nitakusubiri stendi ya Mikumi, tutapanda Vidunda kwa gari na pikipiki nyuma. Jumapili baada ya misa utasimama mbele ya watu wale wale uwaambie uliyoniandikia, kwa mdomo wako. Masikio yako hayahitajiki.

Silinda inachongwa Morogoro, pistoni nyingine imeshafika. Na uje na pampu. Usiniambie umeitupa, nakujua, hujawahi kutupa hata bolti. Tutaitengeneza mimi na wewe, uani kwa mama, tuone kama wawili tunaweza kilichomshinda mmoja. Kisha tutashuka, wewe na mimi. Nitaendesha mimi. Wewe utakaa nyuma, kama ulivyokaa siku ile, hadi daraja la chini.

Shikamoo yako nitakuamkia darajani.

Domina Stefano

*

Magomeni, 19 Novemba 2024

Domina,

Pampu ninayo. Imo kwenye kopo la maziwa, imelala ndani ya oili tangu mwaka ule. Leo nimeifungua. Iliyokuwa inavuja ni sili moja ya mpira, ndogo kama pete ya mtoto. Siku zile haikupatikana, siku hizi iko hata hapa Kilosa. Nimenunua mbili.

Nimeziweka pistoni mezani nikazitazama mpaka Teresia akaniletea chakula akakirudisha.

Jumamosi nitakuwa stendi. Nimechanganya dumu la lita tano, mabomba kumi. Nitalitikisa njia nzima.

Marahaba nitaitika darajani.

Beda